Nikute Yeye Muzima

Mke mwenzangu alikuwa betri. Siku hizi nikisema hivyo wajukuu hucheka mpaka wakashika mbavu, nami hucheka nao, lakini wakati ule sikuwa na kicheko. Ilikuwa betri kubwa nyeusi ya boti, na ilikaa ndani ya nyumba yetu juu ya ubao, mahali ambapo mwanamke mwingine angeweka kabati la vyombo. Mume wangu aliiosha, aliipaka girisi na kuinywesha maji ya mvua. Mimi maji hayo ya mvua nilikatazwa hata kuyanawia uso.

Hiyo ni Nakuru, katika miaka ya hamsini, mtaa wa Milimani. Usidhani nilikuwa tajiri. Milimani wakati huo ilikuwa ya Wazungu, na sisi tulikaa nyuma ya ua, baada ya banda la kuku, katika chumba kimoja cha wafanyakazi. Bwana wetu aliuza mashine za shamba mjini. Mume wangu alikuwa mtu wake wa bustani kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na mtu wake wa boti Jumamosi na Jumapili.

Boti yenyewe haikukaa Nakuru. Ziwa letu ni la magadi, halina kina, na kazi yake ni kulisha ndege wale wa heroe. Boti ilikaa Naivasha. Kila Ijumaa alasiri mume wangu alipanda nyuma ya pikapu pamoja na madebe ya petroli na fimbo za kuvulia, na Jumapili jioni alirudi akinuka samaki na moshi, akiwa na furaha ambayo mimi sikuwahi kumpa. Nasema ukweli. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nina mtoto mmoja mgongoni, na nilikuwa na wivu.

Siku moja alinichukua nikaone. Gati lilikuwa la mbao, limepita katikati ya mafunjo mpaka kwenye maji ya kina, na boti zilifungwa pande zote mbili kama ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa. Ufukweni palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake injini ndogo ya petroli iliyozungusha dinamo. Mbele ya hiyo dinamo betri zilikuwa zimepangwa, vifuniko vyake vimefunguliwa, maji ndani yakitoa povu dogo dogo kama uji unaoanza kutokota. "Zinakula," mume wangu aliniambia. "Usiwashe kiberiti hapa, tutaruka sote." Alinionyesha kila kitu kwa subira ambayo hakuwa nayo nyumbani. Ukimaliza safari unafungua waya mmoja, maana ukiusahau, kitaa kidogo tu kitanyonya betri mpaka asubuhi uikute haina moto. Maji yakipungua unaongeza, lakini si maji ya ziwa wala ya mfereji. Kutu nyeupe ikiota kwenye vichwa vya betri unaiosha kwa magadi, yale yale tunayopikia maharagwe, inachemka kidogo halafu inatoka yote.

Kisha akaingia botini, akabonyeza mahali, na injini ikanguruma mara moja tu bila kubembelezwa. Akanigeukia. Sura ile ya mume wangu bado ninayo. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mbele ya watu.

Sasa nieleze alichokuwa akikitafuta, kwa sababu bila hicho utamwona mjinga, na hakuwa mjinga. Dereva wa boti alikuwa mzee wa pale pale Naivasha, na macho yalikuwa yanamwacha. Dereva alikuwa na nyumba yake kando ya ziwa, ya vyumba viwili, yenye dirisha la kioo na kishamba cha mboga mpaka kwenye maji. Bwana alikuwa amemwambia mume wangu kwamba mzee akiondoka, yeye bwana ataona la kumfanyia. Alisema hivyo tu, ataona. Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kupanda sukuma wiki katika kile kishamba, kichwani mwake.

Halafu serikali ikatangaza hali ya hatari, na mji ukabadilika. Majirani zetu wa kota za chini, walioshukiwa kuwa upande wa waasi, walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kwao, wengine hatukuwaona tena. Sisi tulikuwa watu wa magharibi, upande wa Butere, kwa hiyo tuliachwa, lakini kuachwa nako kuna aibu yake. Wazungu wengi walianza kuchukua livu ndefu za kwenda Ulaya. Bwana wetu naye akaamua kwenda. Hakutaka kuiacha boti ziwani bila mtu, akaivuta kwa trela mpaka Milimani, ikaingizwa kwenye banda la gari na kufunikwa turubai.

Siku ya kuagana nilikuwepo, nimepeleka chai. Mume wangu alikuwa ametoa betri botini, ameikumbatia kifuani kama mtoto. Bwana alisimama kando yake, mkono mmoja juu ya ubavu wa boti, akasema kwa Kiswahili chao kile: "Wewe nasikia? Angalia yeye musuri. Hapana wacha yeye hata kidogo. Mimi narudi, nataka kuta yeye muzima."

"Ndiyo, bwana," mume wangu alisema. "Utamkuta mzima."

Akaileta betri nyumbani siku ile ile. Nilimwuliza kwa nini isikae huko huko bandani na boti yake. Akasema sakafu ya saruji hunyonya moto wa betri, na banda lina baridi, na panya. Nikamwambia hata humu ndani wamo panya. Akajibu kwamba hao ni panya tunaowajua.

Ndivyo maisha yetu ya watu wanne yalivyoanza. Betri inayokaa bila kazi hufa, hilo nilifunzwa mpaka nikachoka. Ikikosa moto kwa muda mrefu, vile vibati vya ndani huota ukungu mweupe kama chumvi, na ukungu huo ukishashika hautoki kwa dua wala kwa dawa. Kwa hiyo ni lazima ipelekwe kuchajiwa, irudi, ikae, ipelekwe tena. Betri changa yaweza kungoja mwezi. Hii ya kwetu ilikuwa imezeeka, na chumba chake kimoja kilikuwa dhaifu, kinapoteza moto upesi na kuvuta vyumba vingine chini. Kila wiki mume wangu aliipakia kwenye wilibaro, juu ya gunia lililokunjwa, akaiteremsha mlima mpaka gereji iliyokuwa karibu na stesheni. Fundi alikubali kuichaji kwa sababu bwana alikuwa mteja wake. Kesho yake mume wangu aliisukuma kuipandisha Milimani, polepole, isiinamie upande, maana ikiinama inatapika asidi.

Asidi hiyo ilinila nguo. Ukirukiwa na tone huoni kitu, wala nguo haisemi kitu, mpaka uifue. Ndipo unaianika na kuona mashimo. Gauni langu la kanisani nililianika likiwa gauni nikalianua likiwa chujio. Nilimtukana mume wangu na betri yake, nikamwambia achague. Akacheka, akaniambia nikiwa mke wa dereva nitavaa gauni jipya kila Pasaka.

Fundi wa gereji alikuwa Kalasinga, mnene, mwenye sauti ya kugomba hata anapobariki. Alimpenda mume wangu kwa sababu hakuchoka kuuliza. Alimpa kijipimo cha kioo chenye kielezo kinachoelea ndani. Unavuta maji ya betri kidogo, kielezo kikipanda kuna moto, kikizama hakuna. Mume wangu alikitundika ukutani juu ya kitanda chetu, pale ambapo wengine hutundika picha ya Bwana Yesu. Mara moja vijana wa gereji walimkabidhi betri ya mtu mwingine iliyofanana na yake, na alikuwa amefika nusu ya mlima alipoitambua. Tangu hapo aliikwaruza yake alama kwa msumari, na tangu hapo hakumwamini mtu.

Kiangazi kilikuja kikali mwaka huo. Mfereji wa ua ulitoa maji asubuhi tu, na mimi nilikuwa na chupa za mvua chini ya kitanda, zimefungwa vizuri kwa magunzi, za mke mwenzangu. Mtoto alikuwa na harara mwilini, akilia. Nilichukua chupa moja nikamwogesha. Mume wangu aliporudi akaona chupa tupu, alikaa tu kitandani akiitazama. Heri angenipiga kelele. Nilimwambia mvua ni ya Mungu, na mtoto ni wako. Akasema, "Najua. Najua, mama." Na kweli alijua. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi, kwamba kila mara alijua.

Habari ya mama yake ililetwa na mtu wa kwetu aliyefanya kazi ya reli. Mama alikuwa ameanguka shambani, upande mmoja wa mwili umepooza, lakini kichwa chake kilikuwa sawa na alikuwa akimwita mwanawe. Mume wangu ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na baba yake alikuwa amekufa zamani. Kwetu mama hafi hivi hivi. Ana maneno ya kumwachia mwanawe wa kwanza, na mwanawe ana maneno ya kumjibu.

Nilianza kufunga vitu vya sisi sote. Yeye akabaki amesimama kando ya ule ubao.

"Wewe tangulia na mtoto," akasema.

"Na wewe?"

"Nakuja. Bwana anarudi wakati wowote sasa. Akinikosa na akikuta betri imekufa, itakuwaje?"

Nilimwambia aende akaombe ruhusa kwa yule memsahib jirani tuliyeachiwa atutazame. Akaenda, na memsahib akampa ruhusa bila maneno mengi, akaongeza pole. Basi ruhusa ilikuwepo. Nikamwambia apeleke betri kwa fundi. Nikaenda naye mimi mwenyewe, mtoto mgongoni, tukisukuma wilibaro pamoja. Fundi alisikia habari, akafuta mikono, akapandisha sauti:

"Wewe enda ona mama! Betri naweka hapa, mimi nalisha yeye kila siku. Mama iko moja tu, betri iko mingi!"

Mume wangu akasema, "Asante, fundi. Lakini niliambiwa nisimwache."

Nilitamani kuipindua ile wilibaro pale pale barabarani. Sikufanya hivyo, kwa sababu wakati ule mwanamke hakupindua kitu cha mumewe, na kwa sababu niliuona uso wake. Hakuwa anakataa mama. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amepewa amana moja tu katika maisha yake yote na mtu mwenye uwezo wa kumpa nyumba, na aliona akiondoa macho kidogo, kila kitu kitaharibika siku hiyo hiyo. Mtu maskini hupewa nafasi chache sana, ndiyo maana huzishika kwa kucha hata pale zinapomkata.

Nikapanda treni ya Butere peke yangu na mtoto.

Nilifika maharagwe yakitoa maua. Mama mkwe alikuwa amelazwa upande wa mlango, aone njia. Aliponiona alitazama nyuma yangu, akaendelea kutazama nyuma yangu hata baada ya mimi kuketi. Nikamwambia mwanawe anakuja. Nikamlisha uji kwa kijiko, upande ule wa mdomo uliokuwa ukifanya kazi. Kila siku treni ilipopiga kelele huko chini, alinyamaza na kusikiliza, na baada ya muda wa mtu kutembea kutoka stesheni mpaka kwetu kupita, aliendelea na alichokuwa anasema.

Nilituma maneno kwa watu wa reli: mwambieni aje. Majibu yakarudi na blanketi na sukari: mwambie mama nakuja, bwana anatarajiwa. Nikatuma tena. Blanketi lile lilikuwa zuri, la sufu, na mama alilipenda. Maharagwe yakafunga maganda. Shemeji zangu walianza kunitazama vibaya, kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia ndugu yao huko Nakuru. Mwenye kubeba lawama za mtoto wa watu ni yule aliyeolewa naye.

Siku moja mama aliniita karibu, akaniuliza waziwazi. Alitaka kujua ni kitu gani kinamzuia.

Sasa, katika lugha yetu mimi sikuwa na neno la betri, na hata kama ningekuwa nalo, yule mama hakuwahi kuona hata tochi. Nikajaribu. Nikamwambia kuna mmoja ambaye mzungu alimwachia amtazame. Nikasema ni dhaifu, hukaa ndani na sisi, kila wiki lazima apelekwe mjini. Asipotazamwa atakufa, na mzungu alisema akirudi amkute mzima.

Mama akafikiri. "Ni mgonjwa?"

Nikamvuta blanketi mpaka mabegani. "Ni kama mgonjwa, mama."

"Huyo mgonjwa hana watu wake?"

"Watu wake wamesafiri."

Yule mama akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Basi asimwache. Mgonjwa haachwi. Mwambie mimi nimesema asimwache." Uso wake ukalegea, na kuanzia siku hiyo hakusikiliza treni tena. Alikuwa ametulia. Alikufa maharagwe yakivunwa, akiamini kwamba mwanawe yuko Nakuru anauguza mtu.

Je, ningemsahihisha? Nimejiuliza, na jibu langu ni lile lile: hapana. Ningempokonya kitu pekee alichokuwa amepata kutoka kwa mwanawe, nimpe nini badala yake? Lakini nilikasirika kwa ajili yake. Nilikaa jikoni kwake nikapepeta maharagwe kwa hasira mpaka nikayamwaga.

Mume wangu alipata habari ya kifo akaja. Alikuta tumekwisha kuzika, na watu wa nyumba wamekwisha kunyolewa nywele za msiba. Mjomba wake alimketisha nyuma ya nyumba akamnyoa peke yake, bila mtu wa kuongea naye. Mimi nilisimama pale na maji. Nikamwuliza, "Betri umeiacha wapi?"

"Kwa fundi," akasema.

Nisingeweza kusema neno ambalo yeye mwenyewe hakuwa amejisemea kutoka Nakuru mpaka Butere. Kwa fundi iliachika. Kwa ajili ya kaburi iliachika. Aliinamisha kichwa, wembe ukaendelea.

Baadaye aliniuliza mama alisema nini. Nikamweleza yote kama yalivyokuwa, pamoja na neno la mgonjwa. Alilia, lakini nikaona pia amepata mahali pa kuegemea. "Alisema nisimwache?" akauliza. Nikasema ndiyo, ndivyo alivyosema. Tukarudi Nakuru akiwa na neno hilo, na tangu hapo betri ile haikuwa kazi ya bwana tena. Ilikuwa agizo la mama yake. Aliiosha kama mtu anayefanya ibada. Mimi nikaacha kuitania. Wakati mwingine nilimkuta amekaa nayo, kijipimo mkononi, akitazama kile kielezo kikielea juu, na nilitoka nje nikampisha.

Bwana alirudi mvua zikiwa zimeanza. Hakutuarifu, tulisikia tu pikapu langoni. Mume wangu alioga haraka, akavaa shati safi, akaibeba betri mikononi kutoka nyumbani kwetu mpaka kwenye banda la gari, nami nikafuata kwa sababu nilitaka kuona. Baada ya hayo yote, nilitaka kumwona akishukuriwa.

Bwana alikuwa amenenepa na alikuwa na furaha. Alitusalimia vizuri, akauliza hali ya mtoto. Kisha akafungua nyuma ya pikapu akatoa sanduku la karatasi ngumu, akalikata kwa kisu. Ndani kulikuwa na betri. Mpya, inang'aa, vichwa vyake havijaguswa na waya.

Mume wangu alisimama na ile nyingine kifuani. "Bwana," akasema, "hii ni nzima. Nimeitunza. Pima uone."

"Hiyo?" Bwana aliishangaa kwa dhati. "Hiyo naisha zamani. Mimi najua kabla ya safari, nanunua mupya Nairobi. Betri nakufa, hiyo kawaida tu."

"Lakini bwana uliniambia nimwangalie. Ulisema umkute mzima."

"Boti!" akasema bwana, akapiga ubavu wa boti kwa kiganja. "Mimi nasema boti. Mutu asiibe, mbao asipasuke. Yeye muzima?" Akaingia chini ya turubai kutazama.

Hapo ndipo nilipoelewa, na naona mume wangu alielewa wakati ule ule. Kiswahili chao hakikuwa na ngeli. Mbwa alikuwa yeye, mti yeye, mpishi yeye, boti yeye. Na neno lenyewe ni la kwetu, hatuwezi kumlaumu mtu: kitu kisichovunjika ni kizima, na mtu asiyekufa ni mzima. Bwana alikuwa ameshika mbao akafikiria kupasuka. Mume wangu alikuwa ameshika kitu kinachokufa, akafikiria kufa.

Mimi nina mdomo, na siku hiyo sikuufunga. Nikamwambia bwana kwamba mama wa mume wangu amekufa, na kwamba hakwenda kumwona kwa sababu ya betri hiyo. Bwana akatoka chini ya turubai. Alitutazama, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa mbaya, ingenisaidia. "Pole," akasema. "Pole sana. Kwa nini yeye hapana kwenda?" Akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta cha kutoa, halafu akaionyesha ile betri ya zamani kifuani kwa mume wangu. "Chukua hiyo. Iko yako."

Tulirudi nayo nyumbani. Sikujua aiweke wapi, na yeye hakujua. Hatukuwa na redio, hatukuwa na gari, hatukuwa na kitu chochote duniani ambacho betri ingeweza kukifaa. Aliiacha nje ya mlango, mvuani, akaja akala. Katikati ya chakula akaweka tonge chini.

"Ningeenda," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Ungeenda."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Lakini mjukuu unamlea, anakua, anakuacha. Hili la kwetu halikukua wala halikuondoka.

Kazi aliipata. Lazima niseme hivyo, nisije nikamdhulumu bwana. Yule mzee wa Naivasha aliondoka mwaka uliofuata, na mume wangu akawa dereva wa boti, dereva hodari, hata wageni wa kutoka mbali walimwulizia. Tukapewa ile nyumba ya ziwani yenye dirisha la kioo. Sukuma wiki ilistawi mpaka ukingo wa maji, na nilikuwa nikiamka kuwafukuza viboko kwa kupiga sufuria. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote nilizokaa. Ndugu zake walikuja kututembelea kutoka Butere, wakazunguka vyumba vyote viwili wakisifu, wakagusa kioo. Shangazi yake mmoja, mama mzee sana ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemchanganyika, alikaa pale dirishani akitazama ziwa, akamgeukia akauliza kwa furaha:

"Na mama yako amekwisha kufika hapa, akaiona?"

Mume wangu alikuwa akimmiminia chai. Akakijaza kikombe, akaweka birika chini.

"Hapana, shangazi," akasema. "Nilikuwa na kazi."